Nani Yumo Ndani ya "Man"? Historia ya Lugha Isiyobagua Jinsia katika Siasa za Kiingereza

Utangulizi

Tunapofundisha uhakiki wa fasihi, tumezoea kujadili nafasi ya mwanamke kwa kuwatazama wahusika: nani anarithi shamba, nani anaachishwa shule, nani anasemewa na nani anajisemea. Ni nadra kwetu kushuka chini zaidi hadi kwenye neno lenyewe na kuuliza: je, neno hili linamhesabu nani? Makala hii inanuia kuuliza swali hilo kwa kutumia mfano wa Kiingereza, lugha ambayo wanafunzi wetu huisoma sambamba na Kiswahili, na ambayo katiba yetu ya kwanza iliandikwa kwayo. Tutafuatilia historia ya neno "man" na kiwakilishi "he" katika hotuba, maazimio na sheria za mataifa yanayozungumza Kiingereza, tangu mwaka wa 1776 hadi karne hii ya 21.

Kwa lugha isiyobagua jinsia tunamaanisha lugha inayomtaja mtu bila kumfanya msikilizaji adhani kwamba lazima mtu huyo awe mwanamume, au awe mwanamke, pale ambapo jinsia haihusiani na jambo linalosemwa. Wapo wanaodai kwamba suala hili ni la adabu tu, au ni mtindo ulioletwa na wanaharakati wa miaka ya 1970. Historia inatuonyesha vingine. Mvutano huu ulianza zaidi ya karne moja kabla ya hapo, tena ulianzia bungeni na mahakamani, mahali ambapo maana ya neno moja iliamua nani apige kura na nani arudi nyumbani. Hoja yetu kuu ni hii: neno lililodaiwa kumjumuisha kila mtu lilinyumbuka kwa manufaa ya mwenye mamlaka. Lilipotoza na kuadhibu, lilimhesabu mwanamke; lilipogawa haki, lilimwacha mlangoni. Baada ya kuithibitisha hoja hiyo, tutarejea nyumbani na kuuliza kama Kiswahili kimesalimika.

Neno na wanasarufi wake

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka wa 1100 hivi, "mann" lilikuwa na maana ya mtu, awe wa kiume au wa kike. Mwanamume aliitwa "wer", naye mwanamke aliitwa "wif". Neno "wer" lilikufa. Mabaki yake yanapatikana leo katika "werewolf", yaani yule mtu anayegeuka mbwamwitu katika ngano za Wazungu. "Wif" liliungana na "mann" likazaa "woman", nalo lenyewe likabaki na maana finyu ya mke. Pengo lililoachwa na "wer" likajazwa na "man". Kuanzia hapo neno moja likabeba maana mbili: mtu yeyote, na mtu wa kiume. Huu ndio utata wa kisemantiki uliozaa mizozo tutakayoieleza.

Upande wa viwakilishi, tatizo lilikuwa lile lile. Kiswahili kina "yeye" na kiambishi "a-" kwa mtu yeyote. Kiingereza humlazimu msemaji achague "he" au "she". Waingereza wa kawaida walikuwa na suluhisho lao: tangu karne ya 14 walitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia yake. Wanasarufi wa karne ya 18 na 19 waliyakemea matumizi hayo kwa madai kwamba kiwakilishi cha wingi hakiwezi kusimama badala ya nomino ya umoja. Wakaagiza "he" litumiwe kwa wote. Ajabu ni kwamba mmoja wa waliotangulia kuiandika kanuni hiyo, katikati ya karne ya 18, alikuwa mwanamke na mwalimu, Ann Fisher wa mji wa Newcastle. Hatuna sababu ya kumlaumu. Twajifunza tu kwamba taasubi ya kiume ikishakolea katika lugha huweza kupitishwa hata na yule inayemdhuru, naye akaiona kuwa ni sarufi safi.

Kutoka Philadelphia hadi Seneca Falls

Tarehe 4 Julai 1776, wajumbe waliokutana Philadelphia walipitisha Azimio la Uhuru wa Marekani. Azimio hilo, lililoandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Jefferson, linatangaza kwamba "all men are created equal", yaani "men" wote wameumbwa sawa. Je, ni watu wote au ni wanaume wote? Tukiitazama jamii ya wakati huo, jibu ni finyu kuliko yote mawili. Watumwa Weusi, wa kiume na wa kike, hawakuhesabiwa. Wanawake Weupe nao hawakuwa na kura isipokuwa katika jimbo la New Jersey, ambako wachache wenye mali waliruhusiwa hadi mwaka wa 1807.

Wanawake hawakukaa kimya. Miezi michache kabla ya Azimio, tarehe 31 Machi 1776, Abigail Adams alimwandikia mumewe John Adams, mmoja wa wajumbe hao, akimsihi awakumbuke wanawake katika sheria mpya zitakazotungwa. Mumewe alimjibu kwamba hana budi kucheka. Kicheko hicho tutakikuta tena na tena katika historia hii, kwa hiyo msomaji akiweke akilini.

Jibu la wanawake lilikomaa baada ya miaka 72. Tarehe 19 na 20 Julai 1848, mkutano wa haki za wanawake ulifanyika Seneca Falls, jimbo la New York. Elizabeth Cady Stanton aliwasilisha azimio lililofuata muundo wa lile la 1776 karibu sentensi kwa sentensi, ila palipoandikwa "men" pakaongezwa maneno mawili: "and women". Mahali pa mfalme wa Uingereza aliyeshtakiwa na Jefferson pakawekwa mwanamume, naye akasomewa orodha ya dhuluma zake. Watu 100 walitia sahihi, wanawake 68 na wanaume 32, akiwemo Frederick Douglass aliyekuwa ametoroka utumwa.

Kwa mhakiki wa fasihi, huu ni mfano bora wa mwingilianomatini. Stanton hakuitupa matini ya wazee wa taifa, aliivaa. Kila aliyeisikia alizijua sentensi za asili, na kwa hiyo alisikia pia kile zilichokuwa zimekiacha. Kama "men" lingekuwa kweli linawajumuisha wote, nyongeza ya "and women" ingekuwa uradidi usio na maana na hakuna ambaye angekasirika. Magazeti mengi yaliyowakejeli yalithibitisha kwamba nyongeza hiyo ilikuwa na maana nzito.

Neno kizimbani

Sasa tuvuke bahari hadi Uingereza, ambako utata wa neno ulifikishwa mbele ya majaji. Mwaka wa 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufupisha lugha ya sheria nyingine. Sheria hiyo iliagiza kwamba maneno ya jinsia ya kiume yachukuliwe kuwajumuisha wanawake pia, isipokuwa pale ambapo sheria husika imesema wazi vinginevyo. Kwa maneno mengine, "he" lilitangazwa rasmi kuwa ni la wote. Wanasarufi walikuwa wamepata askari.

Mwaka wa 1867 Bunge hilo lilijadili mswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Tarehe 20 Mei, mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa mbunge wa Westminster, alipendekeza neno "man" liondolewe katika mswada na mahali pake liandikwe "person". Pendekezo lake lilishindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Zingatia, msomaji, kwamba mswada mzima wa kumpa mwanamke kura ulikuwa ndani ya badiliko la neno moja. Hakuna mbunge aliyedhani kwamba anajadili adabu.

Baada ya sheria kupita, wanawake walijaribu njia nyingine. Sheria ya uchaguzi ya 1832 ilikuwa imetumia maneno "male person", yaani mtu wa kiume. Ile ya 1867 ilitumia "man". Nayo sheria ya 1850 ilikuwa imesema kwamba maneno ya kiume yanawajumuisha wanawake. Kwa mantiki hiyo, mwanamke mwenye nyumba alikuwa na haki ya kura tayari! Zaidi ya wanawake 5,000 wa Manchester waliomba waandikishwe. Kesi yao, iitwayo Chorlton dhidi ya Lings, ilisikizwa mnamo Novemba 1868. Miongoni mwa mawakili wao alikuwamo Richard Pankhurst, ambaye baadaye alimwoa Emmeline, mpiganiaji mashuhuri wa kura za wanawake. Majaji walikataa. Walisema kwamba mila ya sheria ya Uingereza haikuwa imewatambua wanawake kuwa wapiga kura, na kwamba badiliko kubwa kama hilo lisingeweza kuingia kwa mlango wa neno la jumla. Wanawake wa Uingereza walingoja hadi 1918 ndipo baadhi yao waliotimiza umri wa miaka 30 wapate kura, na hadi 1928 ndipo walingane na wanaume.

Upande wa Marekani, Susan B. Anthony alikwenda kwenye kituo cha Rochester, New York, tarehe 5 Novemba 1872, akapiga kura. Alikamatwa. Kabla ya kesi yake alizunguka vijijini akitoa hotuba ya kujitetea, na sehemu moja ya hotuba hiyo inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu. Wapinzani wake walidai kwamba viwakilishi "he", "his" na "him" katika sheria vinathibitisha kuwa wanaume peke yao ndio waliokusudiwa. Anthony aliwajibu kwa kuwabana: mkishikilia hivyo, basi kuweni na msimamo mmoja, mwondoleeni mwanamke kodi, maana sheria ya kodi nayo imeandikwa "he", na msimwadhibu kwa kosa lolote, maana sheria za adhabu zimeandikwa "he" vilevile. Hoja hiyo haikupata jibu la kiisimu. Mnamo Juni 1873 jaji aliwaagiza wazee wa baraza wamtie hatiani, akamtoza faini ya dola 100. Anthony alikataa kuilipa, na hakuilipa hadi kufa.

Mifano hii miwili, wa Manchester na wa Rochester, ndiyo kitovu cha makala yetu. Neno lilikuwa lile lile. Mwanamke alilipa kodi chini ya "he" na alifungwa jela chini ya "he", lakini hakupiga kura chini ya "he". Utata wa neno haukuwa kasoro iliyosahauliwa na watunzi wa sheria, ulikuwa nyenzo. Mnyonge msonge, wasemavyo wahenga, na hapa alisongwa kwa kiwakilishi.

Je, "person" lingetosha?

Huenda msomaji akadhani kwamba kama pendekezo la Mill lingepita, tatizo lingeisha. Historia ya Kanada yatuonya. Sheria iliyoiunda Kanada mwaka wa 1867 ilisema kwamba maseneta watateuliwa miongoni mwa "qualified persons", yaani watu wanaostahiki. Neno lenyewe halikuwa la kiume. Hata hivyo, serikali kadhaa zilikataa kumteua mwanamke kwa madai kwamba "persons" halimhusu. Emily Murphy, aliyeteuliwa hakimu mjini Edmonton mwaka wa 1916, alikumbana na wakili aliyedai mbele yake kwamba hana mamlaka ya kuhukumu kwa sababu yeye si "person" machoni pa sheria.

Murphy na wenzake wanne, Nellie McClung, Louise McKinney, Irene Parlby na Henrietta Muir Edwards, walilifikisha swali hilo mahakamani. Tarehe 24 Aprili 1928 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua dhidi yao kwa hoja kwamba sheria isomwe kwa maana ya mwaka ilipoandikwa. Wakakata rufani kwenye Baraza la Mfalme jijini London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa Kanada wakati huo. Tarehe 18 Oktoba 1929 Lord Sankey alitoa uamuzi uliogeuza mambo. Kwake, anayepaswa kujieleza ni yule anayemtoa mwanamke ndani ya neno "person", wala si yule anayemwingiza. Mwaka uliofuata Cairine Wilson akawa seneta wa kwanza wa kike nchini humo.

Funzo la Kanada ni zito. Neno lisilo na jinsia laweza kusomwa kwa jinsia ikiwa jamii inayolisoma ina mazoea hayo. Kulibadilisha neno ni hatua ya lazima, lakini ni lazima pia abadilike msomaji wa neno. Tutalihitaji funzo hili tutakapofika kwenye Kiswahili.

Kutoka "men" hadi "human beings"

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Umoja wa Mataifa uliunda tume ya kuandika tamko la haki za binadamu chini ya uenyekiti wa Eleanor Roosevelt. Rasimu ya Kiingereza ya kifungu cha kwanza ilifuata desturi ya 1776: "all men". Hansa Mehta, mjumbe wa India, alipinga. Roosevelt alieleza kwamba kwa Wamarekani "men" lilishaeleweka kuwa ni watu wote. Mehta hakuridhika, alihofia kwamba ziko nchi ambazo zingelitumia neno hilo kuwanyima wanawake haki. Tumeona kwamba hofu yake haikuwa ya nchi za mbali peke yake. Ilikuwa imetokea Manchester na Rochester. Tamko lilipopitishwa jijini Paris tarehe 10 Desemba 1948, kifungu hicho kilisema "all human beings", binadamu wote. Hata hivyo, mwisho wa kifungu hicho hicho ulibaki na neno "brotherhood", lililojengwa juu ya ndugu wa kiume. Mabadiliko ya lugha aghalabu huja hivyo: mlango wa mbele hufunguliwa, dirisha la nyuma likasahauliwa.

Katika hotuba za majukwaani, "man" liliendelea kutawala. Rais John F. Kennedy alipoapishwa mnamo Januari 1961, alisema kwamba "man" ameshika mikononi mwake uwezo wa kuufuta umaskini wa kila namna na pia uhai wa kila namna. Martin Luther King, katika hotuba yake ya tarehe 28 Agosti 1963 jijini Washington, aliirejelea ahadi ya 1776 na kueleza kwamba "all men" ni watu Weusi sawa na Weupe, lakini kwa kutaja "men" wa pande zote mbili.

Hapa mhakiki asikimbilie kuhukumu. Mnamo 1968 wazoaji taka Weusi wa mji wa Memphis waligoma wakibeba mabango yaliyoandikwa "I AM A MAN". Kwa karne nyingi Mzungu alikuwa amemwita mwanamume Mweusi "boy", yaani mtoto, hata akiwa na mvi. Neno "man" katika bango lile lilikuwa kinyume cha "mtoto" na kinyume cha "mnyama wa kazi", lilidai utu. Kwa hiyo neno lile lile lililomfungia nje mwanamke wa Manchester lilikuwa silaha ya ukombozi mkononi mwa mfanyakazi wa Memphis. Maana haikai ndani ya neno kama kokwa ndani ya embe. Hutegemea nani analitamka, kwa nani, na dhidi ya nini.

Vyeo, viti na vicheko

Kuanzia miaka ya 1970, suala hili lilitoka mahakamani likaingia katika vitabu vya isimu na miongozo ya uandishi. Robin Lakoff alichapisha kitabu chake kuhusu lugha na nafasi ya mwanamke mwaka wa 1975, naye Dale Spender akafuata mwaka wa 1980. Hatua kwa hatua "chairman" likapata washindani, "chairperson" na "chair". Haba na haba hujaza kibaba: mnamo Machi 2007 Jack Straw, aliyekuwa akiongoza shughuli za serikali katika Bunge la Uingereza, alitangaza kwamba miswada ya serikali itaandikwa kwa lugha isiyobagua jinsia. Kanuni ya 1850 ikaanza kustaafishwa. Mwaka huo huo, tarehe 23 Januari, Rais George W. Bush alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kufungua hotuba ya hali ya taifa kwa maneno "Madam Speaker", kwani Nancy Pelosi ndiye aliyekuwa kitini. Mwaka wa 2018 Kanada ilibadilisha maneno ya wimbo wake wa taifa kwa Kiingereza ili yasiwataje wana wa kiume peke yao.

Kile kicheko cha John Adams hakikukoma, na mara nyingine wanasiasa wenyewe walikipalilia. Mnamo Februari 2018 Waziri Mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alimkatiza mwanamke aliyekuwa akiuliza swali mjini Edmonton, akamshauri aseme "peoplekind" badala ya "mankind". Alichekwa duniani kote, na baadaye akasema alikuwa akifanya mzaha. Ukweli ni kwamba Kiingereza kina "humankind" na "humanity" tangu zamani, wala hakikuhitaji neno la kubuniwa. Tena, mwanamume anayemkatiza mwanamke kauli ili amfundishe usawa huwa ameshaupoteza usawa huo.

Tarehe 3 Januari 2021, mbunge na mchungaji Emanuel Cleaver aliifunga sala ya ufunguzi wa Bunge la Marekani kwa kusema "amen" na kuongeza "awoman". Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kosa liko wapi, maana sisi husema "amina". Neno hilo lina asili ya Kiebrania, na silabi yake ya mwisho haina undugu wowote na "man" la Kiingereza. Siku iliyofuata Baraza la Wawakilishi lilipitisha kanuni zake za ndani zikiwa zimeondolewa maneno mengi ya kijinsia, na wapinzani wakalitumia tukio la sala kuyadhihaki mabadiliko yote. Tusichanganye mambo: mzaha mbaya wa siku moja haufuti hoja ya Susan Anthony.

Isitoshe, hotuba yaweza kuwa na msamiati safi na bado ikabagua kwa sarufi yake. Rais Barack Obama alipoapishwa kwa muhula wa pili, tarehe 21 Januari 2013, aliinukuu sentensi ya 1776, kisha akaitaja Seneca Falls miongoni mwa vituo vya safari ya usawa. Huo ulikuwa usomaji mpya wa "men". Hata hivyo, alipozungumzia usawa wa mishahara, aliwataja wanawake kuwa ni "wake zetu, mama zetu na binti zetu". Kivumishi hicho cha umilikaji, "zetu", ni cha nani? Mwenye mke aliyekusudiwa hapo ni mwanamume. Kwa muda wa sentensi moja, taifa linalosema "sisi" likawa la wanaume, na wanawake wakawa jamaa zao. Mhakiki makini hutazama viambishi kama anavyotazama nomino.

Kiswahili nacho?

Watahiniwa wengi huandika kwamba Kiswahili hakina ubaguzi wa kijinsia kwa sababu "yeye" ni mmoja na ngeli ya A-WA haitofautishi mke na mume. Ni kweli kwamba "rais", "mbunge", "spika", "waziri" na "mwenyekiti" hayana jinsia. "Mwananchi" ni mwana wa nchi, naye mwana aweza kuwa wa kike. Tamko la 1948 kwa Kiswahili husema "watu wote", na pale Kiingereza kilipobaki na "brotherhood", Kiswahili kikaandika "kindugu". Lakini tukumbuke funzo la Kanada: neno safi halimzuii msomaji mwenye mazoea. Katiba yetu ya awali, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mapokeo ya Uingereza, ilimhakikishia "every person" haki zake bila kujali jinsia "yake", na hilo "yake" liliandikwa "his". Hata hivyo, jinsia haikuwamo katika fasili ya ubaguzi hadi marekebisho ya 1997, na mama Mkenya aliyejifungua ng'ambo hakuweza kumrithisha mtoto uraia kama baba alivyoweza. Hayo yalinyooshwa na Katiba ya 2010.

Liko jambo jingine linalotendeka masikioni mwetu. Kiasili, "ndugu" ni mtu mliyezaliwa naye, awe wa kiume au wa kike. Ndiyo maana twaweza kusema "ndugu wa kike". Sikiliza sasa mikutano ya kisiasa na ya kidini: "ndugu na dada zangu". Mara dada anapotajwa kando, ndugu anakuwa kaka peke yake. Nia ya msemaji ni njema, anataka kumtambua mwanamke, lakini anafanya kwa "ndugu" kile ambacho karne nyingi zilifanya kwa "mann" la Kiingereza cha kale. Neno la wote linafinywa kuwa la wanaume. Likishafinyika, "kindugu" la tamko la 1948 litasomwa vipi na wajukuu wetu? Ongeza misemo kama "jikaze kiume", na vyeo vya sifa kama "Baba wa Taifa", nawe utaona kwamba kukosa "he" na "she" hakujatupa kinga.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba vita vya "man" na "he" vilikuwa vita vya kura, kodi, kiti cha hakimu na kiti cha seneta. Waliodai neno libadilishwe, kuanzia Stanton hadi Mehta, walikuwa wamelisoma vizuri kuliko waliowacheka. Imeonyesha pia kwamba neno jipya halitoshi pasipo msomaji mpya. Walimu wenzangu, tunapofundisha isimujamii na sajili ya siasa, tusiishie kuorodhesha sifa za lugha ya majukwaani kama vile takriri, balagha na ahadi. Tumfundishe mwanafunzi aikamate nomino na kiambishi, akiulize: umemhesabu nani, na umemwacha nani? Mwanafunzi atakayeuliza hivyo kuhusu hotuba atauliza hivyo hivyo kuhusu riwaya na tamthilia. Na sisi tutakaposimama mbele ya gwaride la asubuhi, tuseme "ndugu zangu" kwa maana yake pana, kila msichana aliye mstarini ajue kwamba ametajwa.

Maswali ya kudurusu

1. Kwa kurejelea kesi ya Manchester ya 1868 na hotuba ya Susan B. Anthony, eleza jinsi utata wa kisemantiki unavyoweza kutumiwa kuendeleza dhuluma.

2. "Neno lisilo na jinsia laweza kusomwa kwa jinsia." Jadili kauli hii ukitoa mifano kutoka Kanada na Kenya.

3. Linganisha mabadiliko ya maana ya "mann" katika Kiingereza na ya "ndugu" katika Kiswahili cha leo.

4. Chagua hotuba moja ya mhusika wa kisiasa katika tamthilia au riwaya uliyoisoma. Bainisha namna viwakilishi na viambishi vya umilikaji vinavyoonyesha anayehesabiwa na asiyehesabiwa.